Mtumbwi Usiokuwa na Pombe

Kijijini Chonyonyo, Karagwe, ukiona mtumbwi wa kukamulia ndizi umefunikwa majani ya mgomba nyuma ya nyumba ya mtu, huulizi kitu. Unahesabu. Siku ya kwanza ndizi zimekanyagwa, maji na mtama wa kukaanga vimetiwa, majani yamelazwa juu. Siku ya pili unapita mbali kidogo, kwa adabu. Siku ya tatu unachukua kibuyu chako, unakwenda kumsalimia mwenye nyumba, mnaongea habari za mvua na kahawa, na mwenye nyumba, kama ni mtu wa watu, hakuachi ukae na koo kavu. Hakuna anayealikwa. Majani yale ndiyo mwaliko.

Kemilembe alikulia ndani ya desturi hiyo, tena katika nyumba iliyoiheshimu kuliko nyingi. Baba yake, Mzee Anatory, hakuwa na cheo serikalini wala kanisani, lakini alikuwa na mtumbwi. Babu yake aliuchonga kutoka gogo moja la mti wa muhumula, urefu wa kutosha watu wawili kulala wakielekezana miguu, na kwa Kinyambo uliitwa obwato, jina lile lile la chombo cha kuvukia maji. Aliyeoza binti, aliyemaliza msiba wa mzazi, aliyeezeka nyumba, wote waliuazima. Mzee Anatory hakuwahi kumnyima mtu mtumbwi ule, hata jirani aliyekuwa hasalimiani naye. Alipofariki ulifudikizwa nyuma ya jiko, na kwa miaka sita hakuna aliyepata moyo wa kuugusa.

Kemilembe wakati huo alikuwa Mwanza. Alikwenda huko baada ya kidato cha nne, akapata kazi katika duka la samaki wa mapambo la Melkiory, mtu wa Muleba. Alianza kwa kufagia na kubadilisha maji. Miaka kumi na sita baadaye wateja walikuwa wakiingia dukani wanampita mwenye duka, wanamuulizia yeye. Melkiory alijua samaki. Mimea ilimfia mikononi. Kemilembe ndiye aliyejua kwa nini jani limetoboka, kwa nini jingine limegeuka njano, na kila alichokijua alikiandika kwenye daftari la kurasa mia kwa mwandiko ule aliofundishwa shuleni, uliolala kidogo upande wa kulia.

Mama yake, Xaveria, alipoteleza jikoni na kuvunjika nyonga, hakuna aliyemwambia Kemilembe arudi. Kaka yake Novatus alikuwa Geita na kazi yake na watoto wake. Kemilembe alifunga mizigo. Katika mizigo hiyo kulikuwa na tangi moja la kioo na ndoo ya plastiki yenye mimea arobaini na kitu, imeviringishwa kwenye magazeti yaliyolowa.

Tangi halikufika. Lilipasuka njiani, kabla hata ya kuingia Karagwe, na Kemilembe alisafiri sehemu iliyobaki ameipakata ndoo kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Melkiory, ambaye naye alikuwa amefunga duka na kuhamia Bukoba kutengeneza matangi ya samaki kwenye mahoteli, alimpigia simu wiki hiyo hiyo.

"Dada Kemi, mimea yangu inaoza yote. Inajaa mwani, majani yanalegea kama karatasi iliyonyeshewa. Wewe ile habari yako ya kuotesha nje ya maji, unaiweza kweli au ulikuwa unaisoma tu?"

"Naiweza."

"Basi oteshea huko. Nina hoteli moja wanataka tangi kubwa la mapokezi. Nitakuja mwenyewe kuchukua."

Kemilembe akampa tarehe. Kwao walifundishwa kwamba tarehe ukishaitoa ni kama umeshafika.

Ndipo akaugeuza mtumbwi wa baba yake. Mti wa ndani ulikuwa umekauka mpaka ukapasuka nyufa tatu, kubwa yake ikipitisha ncha ya kisu. Aliujaza maji, yakavuja yote. Akaujaza tena. Siku nne alichota na kumwaga, na mama yake akimtazama kutoka kwenye kigoda chake mlangoni, fimbo mapajani. Siku ya tano mti ulikuwa umekunywa ukashiba, nyufa zikajifumba, maji yakatulia.

Upande mmoja alilundika mchanga wa kijitoni uliochanganywa na mbolea iliyooza vizuri, akautelemsha polepole kuelekea upande wa pili, kama ukingo wa mto. Mimea akaipanda kwenye mteremko. Kulikuwa na ile ya majani mapana magumu ambayo dukani waliiita anubiasi, na ile ya majani marefu kama ulimi wa ng'ombe.

"Unalima majini, mwanangu," Xaveria alisema hatimaye, "na shamba lipo?"

"Mama, mimea hii siyo ya majini kama watu wanavyodhani. Kwao ni kando ya mito. Mto ukijaa inazama, ukipungua inabaki imesimama hewani, mizizi tu ndiyo imelowa. Hao wenye samaki ndio waliofanya tuione imezama siku zote."

"Kumbe imezamishwa."

"Imezamishwa. Mimi naiinua."

Kuiinua ndiyo kazi. Jani lililokulia ndani ya maji ni laini, halina ngozi. Ukilitoa hewani ghafla linakauka kama ganda la kitunguu. Kwa hiyo Kemilembe alikuwa akipunguza maji upana wa kidole kila baada ya siku tatu, na juu ya mtumbwi aliweka kifuniko ili hewa ya ndani ibaki na unyevu, mpaka mmea utoe majani mapya, mazito, yanayoweza kujitegemea. Mmea ulioinuliwa hivyo hukua upesi, haukamatwi na mwani, na husafiri bila kulegea. Dukani Mwanza walifunika kwa nailoni. Chonyonyo hakuwa na nailoni siku hiyo, na migomba ilikuwa imemzunguka. Alikata majani sita mapana, akayalaza juu ya mtumbwi, akaenda kumpikia mama yake uji.

Siku ya tatu akaja Benadeta.

Benadeta ni jirani wa upande wa chini, mke wa Adelard, mwanamke mwenye maneno na mwenye moyo pia, ila maneno ndiyo hutangulia. Alifika saa kumi jioni, khanga amejifunga vizuri, na chini ya khanga kitu cha duara kimetuna.

"Shikamoo mama Novatus."

"Marahaba, mama Vero. Kwenu hawajambo?"

"Hawajambo. Mvua imekuwa nzuri."

"Imekuwa nzuri."

Kemilembe akaleta chai. Benadeta akaitazama ile chai kama mtu aliyeletewa kiatu cha mtu mwingine. Akanywa. Akasifia kahawa ilivyochanua. Akauliza habari za Mwanza, akauliza habari za nyonga, akauliza tena habari za Mwanza. Jua lilipozama akasimama, akakirekebisha kile kitu chini ya khanga, akaaga.

"Huyu leo amekaa," Kemilembe alisema akikusanya vikombe.

Xaveria, ambaye dawa za maumivu zilikuwa zikimpa usingizi wa mchana na jioni, alikuwa hakai tena mlangoni, hakuyaona majani yale. Kesho yake walikuja wengine wawili. Nao walikunywa chai, nao waliondoka wamebana midomo.

Wiki iliyofuata jumuiya, ambayo husali nyumba kwa nyumba, iliiruka nyumba yao. Kanisani watu waliwaachia nafasi kwenye benchi kubwa kuliko ilivyohitajika. Jumapili ya tatu, Xaveria akijikokota na fimbo kutoka misani, Benadeta akamwambia kwa sauti ya upole ile inayochoma:

"Mama Novatus, hongereni. Siku hizi kwenu mnakunywa mlango umefungwa."

Xaveria aliikaza fimbo, akaendelea na njia. Alifika nyumbani, akaenda moja kwa moja nyuma ya jiko, akaona kifuniko. Kemilembe alikuwa amekwisha kununua nailoni kutoka Omurushaka, lakini juu yake alikuwa bado anaweka majani ili kupunguza jua.

"Majani haya yako hapa tangu lini?"

"Tangu nilipopanda."

"Wiki tano." Xaveria alikaa chini taratibu juu ya kinu kilichopinduliwa. "Wiki tano mtumbwi wa Anatory umefunikwa, na hakuna aliyeonja. Unajua tunaitwaje sasa?"

Hapo ndipo Kemilembe alipokumbuka. Aliiona tena khanga ya Benadeta na kile kilichotuna, na uso ukamwaka moto.

"Waite waje waone," mama yake alisema.

"Nikiwaita nijieleze, nitakuwa kama mtu aliyefumaniwa. Sijamnyima mtu kitu, Mama."

"Wao hawajui kwamba hujawanyima."

"Watajua."

 Xaveria hakuwa na haja ya kuuliza ukaidi ule umetoka wapi; aliishi nao ndani ya nyumba moja miaka arobaini na minne.

Wiki zikaenda. Majani ya zamani yalikufa yote, yakawa kamasi ya kahawia, na Xaveria akadhani biashara imekwisha. Kisha kutoka mashinani yakatoka majani mengine, madogo, mazito, yanang'aa kama yaliyopakwa mafuta. Yakapanda juu ya maji, yakapita ukingo wa mtumbwi. Sasa nailoni ilikuwa ikifunguliwa saa moja kwa siku, kisha saa tatu, kisha mchana kutwa. Asubuhi moja ya Jumatatu Kemilembe aliona kwenye anubiasi kubwa kitu kama ncha ya penseli, cheupe. Mmea ule ukiwa chini ya maji unaweza kukaa miaka usichanue. Hakumwambia mtu. Alihesabu: zilikuwa zimebaki siku nane Melkiory afike.

Jumatatu hiyo hiyo, jioni, akaja Adelard.

Alikuja amevaa koti. Alikataa kiti kwanza, akasimama mlangoni, akavua kofia, akasema kama desturi inavyotaka aseme, ingawa mzee mwenyewe alikuwa kaburini miaka sita:

"Nimekuja kwa Mzee Anatory. Nina neno."

"Mzee anakusikia," Xaveria akajibu.

"Binti yetu Vero anaagwa Jumamosi. Wakwe wanatoka Kibingo, na watu wa Kibingo nyote mnawajua, pombe iliyokamuliwa kwenye pipa la plastiki wanaitambua kwa ulimi kabla haijafika kooni. Naomba mtumbwi. Nauhitaji Jumatano, tukamue Alhamisi." Kisha akakaa, na alipokaa akawa Adelard wa kila siku. "Mama Vero amesema nisijisumbue. Amesema pombe ya wiki nane sasa itakuwa siki, mtatusaidia kwenye kachumbari."

 Kemilembe akasimama.

"Kaka Adelard, njoo uone."

Akampeleka nyuma ya jiko, akafunua. Jua la jioni lilikuwa linapita kati ya migomba, na mtumbwi mzima ulikuwa umejaa kijani kilichosimama, majani juu, maji chini yamelala kimya kama kioo, na mizizi inaonekana imeshika mchanga. Adelard akatazama. Akainama, akanusa.

"Mboga?"

"Haipikwi."

"Dawa?"

"Ni mapambo. Ya kwenye matangi ya samaki. Anakuja mtu wa Bukoba kuichukua Jumanne."

"Ndiyo hii tuliyokuwa tunaisubiri na vibuyu," Adelard alisema polepole. Akavaa kofia, akaivua tena. "Basi, dada. Siwezi kukuambia ung'oe. Nitatafuta pipa. Kibingo watasema watakachosema, binti ataolewa tu."

Ilikuwa rahisi kumwacha aende. Adelard alikwisha kusamehe kabla ya kunyimwa. Lakini Kemilembe alimwona mama yake amesimama kwenye kona ya jiko, mkono juu ya fimbo, akajua kwamba ikiwa mtu atatoka katika ua huu kwenda kutafuta pipa, atakuwa wa kwanza tangu mtumbwi uchongwe.

"Jumatano asubuhi njoo na watu wanne," alisema. "Ukiwa umejaa ulikuwa mzito, lakini hata mtupu si mchezo."

Adelard alipoondoka, Xaveria akauliza, "Utaiweka wapi?"

"Sijui."

Ndoo mbili na beseni moja ndivyo vyombo vyote vya nyumba ile. Mimea sasa ilikuwa zaidi ya mia, kwa kuwa kila mmoja ulikuwa umezaa. Akiirudisha ndani ya maji, majani yale mapya aliyoyalea wiki nane yangeoza kama yale ya kwanza. Akiiacha juu ya udongo mkavu, ingekufa kabla ya Jumatano kwisha. Alichokuwa akikitaka ni chombo kirefu, cha kina kifupi, kinachoshika maji kidogo chini na kuiacha hewa juu.

Jumanne alfajiri alikwenda shambani kukata ndizi ya kupika. Alipouangusha mgomba, shina likapasuka, na gamba moja la nje likafunguka na kulala chali kwenye nyasi. Lilikuwa refu kuliko yeye, limejikunja pande mbili, na ndani yake maji ya mgomba yalikuwa yamesimama, kina cha kidole. Kemilembe akaliangalia. Akaweka ndizi chini.

Hadi saa nne alikuwa amebandua magamba thelathini na mawili kutoka migomba iliyokwisha kuvunwa. Aliyapanga kwa mistari kwenye kivuli cha shamba, mahali ambapo hewa yenyewe ina unyevu, ncha zake akazikunja na kuzifunga kwa kamba za mgomba. Xaveria aliletewa kigoda hadi pale. Alikuwa akipokea mmea mmoja mmoja, anaosha mizizi kwenye beseni, anaifunga kwenye jiwe dogo kwa uzi wa mgomba, kwa vidole ambavyo vimesuka mikeka maisha yote.

"Huu una kidole cheupe," alisema alipofikia anubiasi kubwa.

"Usikiguse, Mama. Ni ua."

"Nimezaa wawili na kuzika mume, mwanangu. Najua cha kugusa."

Walimaliza jua likiwa bado juu ya kilima. Kumi na mmoja ilikuwa imevunjika mizizi, na Kemilembe aliiandika kwenye daftari kama imekufa, kwa ukweli ule ule aliouandikia mengine.

Jumatano Xaveria mwenyewe aliongoza usafi. Alieleza jinsi Anatory alivyokuwa akisugua kwa nyasi na maji ya moto, kwanza kwa kufuata urefu wa mti, kisha kwa upana wake, na asibakize hata chembe ya mchanga kwenye pembe. Adelard na watu wake walipofika walikuta mtumbwi ni mweupe ndani. Adelard, kwa tahadhari ya mtu ambaye ana wakwe wa Kibingo, alimimina ndoo tatu za maji akachuchumaa kuangalia chini. Akazunguka upande wa pili. Akapitisha kiganja.

"Hata tone," aliwaambia wenzake. Kisha akamgeukia Kemilembe. "Huu tulipomzika mzee nilikuwepo ukifudikizwa. Miaka sita mkavu. Ulipaswa kuwa kuni."

"Ulikuwa na nyufa tatu. Mti ukilowa muda mrefu hujifumba."

"Kwa hiyo ungekuwa hujaweka hayo majani yako, leo ningeyamimina maji ya ndizi zangu zote ardhini."

"Ungeyamimina."

Adelard akacheka mpaka akashika goti. "Mama Vero atakuja mwenyewe kusikia hili. Mimi silibebi."

Alikuja Jumamosi asubuhi, kabla ya wageni. Ni kawaida mwenye mtumbwi kupelekewa pombe ya kwanza, na kwa kawaida hutumwa mtoto. Benadeta aliileta mwenyewe, na hakuificha chini ya khanga. Alipiga magoti mbele ya Xaveria, akatoa kwa mikono miwili kibuyu kidogo, cha shingo nyembamba.

"Mama, hiki nilikuja nacho siku ya tatu. Kikarudi na chai tumboni mwangu. Leo nimekijaza mimi."

Xaveria akapokea, akaonja, akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia sauti anayoifahamu kutoka chumba cha pili. Akampa Kemilembe. Kisha akasema, "Mpeleke shambani akaone."

Chini ya migomba, katika gamba la nne, ua lilikuwa limefunguka: jani moja jeupe limejikunja kama kiganja kinachokinga mvua, na ndani yake kidole. Benadeta aliinama kwa muda mrefu kuliko mtu wa maneno anavyoweza kukaa bila neno.

"Na hili mtu wa Bukoba atalichukua?"

"Hilo linabaki. Mimea jirani yake inakwenda."

Mchana ule, katika hema la Adelard, mshenga wa upande wa Kibingo alinyanyua kata yake ya pili, akauliza mbele ya watu wote pombe hii imetoka katika mtumbwi wa nani. Adelard akasimama, akajibu kwa sauti ya kufika hadi barabarani: "Wa Mzee Anatory." Alisema wa Mzee Anatory, kama mtu aliye hai, na watu wa Chonyonyo waliokuwa wamekaa pale hawakuona kosa. Xaveria alikuwa kwenye viti vya mbele. Alirekebisha kitambaa chake cha kichwa, ambacho hakikuwa kimepinda.

Melkiory alifika Jumanne na gari dogo. Alitembea kati ya mistari ya magamba, mikono nyuma, akainua mmea mmoja, akaukunja jani, likarudi mahali pake.

"Dada Kemi, nani alikufundisha kuotesha kwenye mgomba?"

"Harusi," Kemilembe alisema.

Alichukua themanini na tisa, na akaacha tarehe nyingine.

Mtumbwi ulirudi siku hiyo hiyo, mabegani mwa watu wale wanne, bado unanuka tamu. Kemilembe aliuosha mara tano, akaujaza maji kabla mti haujakauka, akalundika mchanga, akapanda mimea aliyokuwa amebakiza, na ile yenye ua akaiweka katikati. Nailoni ilikuwa imechanika wakati wa kuhama. Akakata majani sita mapana ya mgomba, akayalaza juu.

Xaveria alikuwa mlangoni kwenye kigoda chake. Aliyatazama majani, akatazama njia inayoteremka kwa Benadeta, akahesabu kwa vidole.

"Alhamisi," alisema. "Nunua sukari ya chai. Watakuja wengi."